Harufu ya bafuni itafutiwe chanzo, isifukiziwe udi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja mbele ya wageni, ingawa jikoni na barazani hulijadili sana, nalo ni harufu mbaya inayotoka bafuni na kuenea nyumba nzima, isiyokoma hata choo kisuguliwe asubuhi na jioni. Nimeishi na harufu hiyo kwa miezi minne ndani ya nyumba yangu hapa Tabata, jijini Dar es Salaam. Nimeilipia fedha ambazo hazikuleta nafuu yoyote, na hatimaye nimeikuta ilikojificha kwa kutumia kijiti cha udi na ndoo ya maji. Jirani zangu wawili walikwishapasua sakafu zao kwa tatizo linalofanana na hilo, mmoja wao bila mafanikio, ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Nyumba yetu haikuunganishwa na mtandao wa majitaka. Kama zilivyo nyumba nyingi za jiji hili, majitaka yetu hupita kwenye chemba na kuingia katika shimo lililoko nyuma ya nyumba, na shimo likijaa tunaita gari la kunyonya. Mwezi Juni mwaka jana tulimaliza kukarabati bafu. Tulibadilisha marumaru, tukajenga kijichumba cha kuogea chenye mlango wa kioo na tundu lake la kutolea maji, tukaweka feni ya kutolea hewa ukutani kwa sababu dirisha ni dogo, na kwa kuwa mafundi walikuwa wamekwishafika, tukapaka rangi paa la bati. Namwomba msomaji aikumbuke orodha hiyo, kwa maana kila kilichonisumbua baadaye kilikuwa ndani yake, nami nilikipita kila siku bila kukitambua.

Harufu ilianza kama wiki tatu baada ya mafundi kuondoka. Haikuwa harufu ya mkojo wala ya kitambaa kibichi. Ilikuwa ya yai viza, ikiwa na kitu cha mtaro ndani yake, tena ilikuwa na tabia ya kuja na kuondoka. Mume wangu alisema choo hakisafishwi vizuri, kauli iliyomuudhi binti anayetusaidia kazi, naye alikuwa na haki ya kuudhika. Kwa hasira, au kwa bidii, siku moja akamimina choo­ni dawa ya kung'arishia, ambayo ni asidi, kisha juu yake akaongeza dawa ya klorini tunayofulia mashuka meupe. Alitoka mbio akikohoa, machozi yakimtiririka. Mchanganyiko ule hutoa gesi ya klorini, na katika bafu lenye dirisha la ukubwa wa daftari gesi hiyo inaweza kumdhuru mtu mapafu vibaya sana. Tangu siku hiyo chupa hizo mbili hazikai kwenye rafu moja nyumbani kwangu.

Baada ya hapo tuliita gari la kunyonya. Shimo lilikuwa halijafika hata nusu, lakini kwa kuwa gari lilikwishafika, tulilipa Sh 90,000 na likanyonywa. Harufu ilibaki. Fundi wa kwanza akaja, akasema mpira unaounganisha choo na bomba umechakaa, akaubadilisha na kuzungushia silikoni chini ya choo, Sh 55,000. Harufu ilibaki. Katikati ya hayo nilikuwa nikinunua manukato ya chooni, yale ya kupuliza na yale ya kuning'iniza, ambayo kwa jumla yalikula Sh 38,000 na kunipatia harufu mpya ya yai viza lililotiwa mrujuani.

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye adabu njema. Aliniamkia, akavua viatu mlangoni, akaingia bafuni, akasimama katikati kwa muda ambao hautoshi kuchemsha chai, kisha akasema, "Mama, hapa ni kupasua tu. Bomba limekatika chini." Gharama ilikuwa Sh 680,000, marumaru mpya zikiwa juu yangu. Nilimuuliza, "Umejuaje, mwanangu?" Akajibu, "Uzoefu, Mama." Mimi nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na katika miaka hiyo sikupata kuidhinisha hati ya malipo iliyoandikwa "uzoefu" mahali pa maelezo. Nilimshukuru, nikampa nauli, nikaenda kununua daftari.

Hapo ndipo naona palipo kiini cha barua yangu. Harufu, Mhariri, ina ratiba, na mwenye nyumba ndiye anayeweza kuisoma, kwa kuwa fundi hukaa bafuni dakika tano na mwenye nyumba hukaa nayo usiku na mchana. Nilichora safu tano: saa, feni inazunguka au imezimwa, dirisha na mlango vimefungwa au viko wazi, nani katumia maji na wapi, na kiwango cha harufu kuanzia 0 mpaka 3. Kiwango hicho sikukipima mwenyewe. Pua ikikaa na harufu huizoea ikaacha kuitangaza, na nililijua hilo siku niliporudi kutoka Morogoro baada ya siku tatu, nikafungua mlango wa mbele na kudhani nimeingia nyumba ya watu. Kazi ya kunusa nilimpa mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye alikuwa akitoka shule na kuingia bafuni moja kwa moja kutokea nje, akitoa hukumu bila huruma.

Baada ya siku kumi na mbili nilikaa na daftari lile kama nilivyokuwa nikikaa na leja ya mwisho wa mwezi. Nilitarajia kuona kwamba harufu inafuata matumizi ya choo. Haikuwa hivyo. Alama zote za 3, bila kukosa hata moja, ziliangukia wakati ambapo feni inazunguka huku dirisha na mlango vimefungwa, na pale feni ilipozimwa na dirisha kufunguliwa mjukuu aliandika 0 au 1. Feni niliyoinunua ili iondoe harufu ndiyo iliyokuwa ikiivuta na kuiingiza ndani.

Maelezo yake ni mepesi, ingawa yalinichukua muda kuyakubali. Feni ya kutolea hewa husukuma hewa nje, na hewa inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na nyingine. Mlango ukiwa umebana na dirisha limefungwa, hewa hiyo itaingia kupitia upenyo wowote itakaoupata, na kama bafuni mna tundu lililo wazi hadi kwenye shimo la majitaka, basi shimo ndilo litakaloijazia feni hewa. Swali lililobaki lilikuwa moja: tundu gani?

Kila tundu la maji bafuni, liwe la sinki, la choo au la sakafuni, linapaswa kuwa na mkunjo wa bomba ambao mafundi wetu huuita trapu. Mkunjo huo hubakiza maji kiasi cha sentimita 5 hivi, na maji hayo ndiyo kizibo kinachozuia hewa ya shimoni isipande. Si teknolojia ya jana: fundi saa wa Kiskoti, Alexander Cumming, alipata hataza, yaani hati ya haki ya ubunifu, ya choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo jijini London mwaka 1775, na hadi leo hakuna aliyebuni kitu rahisi kuliko hicho. Udhaifu wake ni kwamba kizibo chenyewe ni maji, na maji hukauka. Tundu linalopokea maji kila siku hujijazia kizibo chake lenyewe, lakini lile lililosahauliwa huachwa likinywewa na hewa kidogo kidogo, na siku maji yakiisha bafu lako na shimo lako vinakuwa chumba kimoja.

Ili kulitambua tundu lenyewe nilitumia udi, lakini safari hii si kwa kufukiza. Nilifunga dirisha na mlango, nikawasha feni, nikawasha kijiti kimoja cha udi na kusubiri mpaka moshi wake ulipotulia ukawa uzi mmoja mwembamba unaopanda wima. Kisha nikaanza kukipitisha polepole, kwa umbali wa kama upana wa vidole vitatu, kwenye kila mahali palipo na upenyo. Kwenye sinki moshi ulipanda wima. Nikakizungusha chini ya choo, pale palipotiwa silikoni kwa fedha zangu, nao haukutikisika. Kwenye tundu la kijichumba cha kuogea ulicheza kidogo tu kwa sababu ya mwendo wangu mwenyewe. Nilipofika kwenye kona ya nyuma ya mlango, ambako huwa tunaweka tenga la nguo chafu, ule uzi wa moshi ulikatika na kurushwa upande, ukaelekea moja kwa moja kwenye feni.

Niliondoa tenga. Chini yake kulikuwa na tundu la sakafuni la zamani, lile ambalo kabla ya ukarabati ndilo lililokuwa likipokea maji yote ya kuogea, na ambalo mafundi walilizungushia marumaru kwa ustadi mkubwa na kuliwekea kifuniko kipya kinachong'aa. Tangu tulipojenga kijichumba cha kioo, hakuna tone lililokuwa likiingia humo, maana sakafu hiyo sasa inapigwa deki kwa kitambaa kilichokamuliwa. Nilifungua kifuniko kwa bisibisi na kumulika kwa tochi ya simu. Trapu ilikuwa kavu kama kikombe kilichoanikwa, na ndani yake kulikuwa na mende mmoja, naye pia amekauka. Nilimimina ndoo moja ya maji, lita kumi, taratibu. Ilipofika wakati wa isha mjukuu aliandika 0 katika daftari, feni ikiwa inazunguka.

Nilipomweleza jirani mmoja mkasa huu alicheka, akaniambia nimepata kisa cha kusimulia harusini. Mimi sioni kuwa ni cha kuchekesha sana. Mwaka 2003, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uitwao SARS, katika majengo ya ghorofa yaitwayo Amoy Gardens huko Hong Kong waliugua watu zaidi ya 300, na wachunguzi walipofuatilia mabomba walikuta kwamba trapu nyingi za sakafuni katika mabafu zilikuwa zimekauka kwa sababu wakazi walikuwa wakipiga deki tu badala ya kumwagia maji, na kwamba feni za kutolea hewa zilikuwa zikinyonya hewa ya mabomba ya majitaka na kuiingiza majumbani. Ni tundu lilelile na feni ileile. Sisemi kwamba nyumba ya Tabata ni ghorofa la Hong Kong. Nasema kwamba harufu ni taarifa ya mlango ulio wazi, na kinachoweza kupita mlangoni si harufu peke yake.

Laiti mambo yangeishia hapo, barua hii ingekuwa fupi. Siku ya tatu harufu ilirudi. Nilifungua kifuniko nikidhani nimekosea, nikakuta maji yamepungua mno. Sentimita 5 za maji katika trapu hazikauki kwa siku tatu, hata kwa joto la Dar es Salaam. Zinahitaji wiki kadhaa. Kwa hiyo yalikuwa yakienda mahali. Nilichukua kijiti cha mshikaki, nikakitia alama kwa penseli kila nusu sentimita, nikajaza maji upya na kuanza kupima kila baada ya jambo kufanyika bafuni. Sinki lilipotumika, kijiti kilibaki vilevile. Mtu alipooga, kilibaki vilevile. Binti alipovuta maji ya choo, tulisikia kwenye kona ile sauti ya kugugumia, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija, na nilipochovya kijiti maji yalikuwa yameshuka kutoka sentimita 5 hadi 3 na nusu. Mara ya pili yalishuka tena. Choo kilikuwa kikinyonya maji ya trapu ya jirani yake.

Sababu ya jambo hilo iko juu ya paa, mahali ambapo hakuna mtu anayefikiria kutafuta harufu ya bafuni. Maji mengi yanapoporomoka kwa pamoja ndani ya bomba, nyuma yake huacha nafasi inayotaka hewa, na ndiyo maana mfumo uliojengwa vizuri huwa na bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa, likiwa wazi, ili nafasi hiyo ijazwe na hewa ya nje. Bomba hilo likizibwa, maji yanayoporomoka hutafuta hewa kupitia tundu lililo karibu, na njiani huondoka na maji ya kizibo. Nilimwita kijana mmoja wa mtaani aliyesomea ufundi bomba katika chuo cha ufundi stadi cha VETA, akapanda juu, na baada ya dakika chache akanionyesha kutoka huko kipande cha mfuko wa saruji kilichokunjwa mara nne na kufungwa kwa waya. Wapaka rangi walikuwa wameziba bomba ili rangi isiingie, wakapaka paa vizuri sana, wakashuka na kwenda zao. Alikifungua, akafunika mdomo wa bomba kwa wavu wa kuzuia ndege, akachukua Sh 10,000. Tulipovuta choo, kona ilinyamaza, na kijiti kilisoma sentimita 5.

Kwa hesabu, basi, nilitumia Sh 183,000 kwa vitu vitatu ambavyo havikuhusika, nikakaribia kutumia 680,000 nyingine kwa jambo ambalo halikuwepo, na tatizo likatibiwa kwa elfu kumi na kijiti cha udi. Siwalaumu mafundi kwa kutojua kilichofunikwa. Ninachowalaumu ni kutaja ugonjwa kabla ya kumgusa mgonjwa, na sisi wenye nyumba tunalo fungu letu la lawama kwa kuwalipa wanapofanya hivyo.

Sidai kwamba kila harufu ya bafuni ni trapu kavu. Tangu majirani waliposikia habari hizi nimeitwa nyumba nne, nikiwa na daftari na udi wangu kama mganga, na nimeona mengine. Nyumba moja harufu ilikuwa ya sinki pekee, nayo ilitokana na utando mweusi wa nywele, sabuni na dawa ya meno ulioganda mdomoni mwa bomba, juu kabisa ya maji ya trapu. Huo hauhitaji kupasua wala asidi, unahitaji waya wenye ndoana, brashi ndefu na maji ya moto. Nyumba ya pili walidhani ni choo kumbe ni maji yenyewe. Jaribio lake ni kuchota maji kwenye glasi, kutoka nayo nje hadi uani, na kuyanusa huko: yakinuka nje, tatizo ni maji na si bomba la kutolea uchafu, na ikiwa yanayonuka ni ya moto tu huku ya baridi yakiwa safi, basi anayetakiwa kukaguliwa ni hita. Nyumba ya tatu ulikuwa mzoga wa panya juu ya dari, jambo ambalo sitalieleza zaidi ya hapo. Nyumba ya nne, na hii ndiyo pekee iliyostahili nyundo, unganisho la choo na bomba lilikuwa la saruji, nalo limepasuka. Tulilithibitisha kwa kumimina maji yenye rangi ya chakula chooni na kuona wekundu ukijitokeza kwenye mshono wa marumaru. Huko walipasua, lakini marumaru nne tu, mahali palipojulikana.

Kwa asiyekuwa na udi, au ambaye moshi unamkera, iko njia ya kungoja. Usiku kabla ya kulala, funika kila tundu kwa karatasi ya nailoni na kuibana kwa utepe wa gundi pande zote. Mimi nilitumia nailoni iliyofungia televisheni, kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilikwishapigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Asubuhi inua ukingo wa moja baada ya nyingine na kunusa. Ile yenye harufu iliyofungiwa chini yake itajitaja. Na kwa wenye bafu la wageni linalotumika Idd hadi Idd, kopo la maji katika kila tundu kila wiki linatosha. Wakisafiri kwa muda mrefu waongeze juu ya maji hayo vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kupikia, ambayo huelea na kuyachelewesha yasikauke.

Kuna onyo moja ambalo nisingependa lisomwe kwa haraka. Harufu ya yai viza ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, inayotokana na vijidudu vinavyoozesha uchafu mahali pasipo na hewa. Pua ya binadamu huinasa ikiwa chache mno, chini hata ya sehemu moja katika milioni, na ndiyo maana bafuni hutukera muda mrefu kabla ya kutudhuru. Lakini ikifika kama sehemu 100 katika milioni huipooza pua yenyewe, na mtu huacha kuisikia akidhani imeisha. Hali hiyo ni nadra sana kutokea bafuni. Hutokea ndani ya shimo na ndani ya chemba yenye kina. Kwa hiyo mtu asishuke humo kutafuta chanzo cha harufu, wala asimshushe kijana wa watu kwa elfu ishirini, wala asimulike humo kwa kiberiti, kwa kuwa iko pia methani, ambayo haina harufu na huwaka.

Sasa nifike kwenye maombi yangu, ambayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. La kwanza nawaelekezea wanaojenga na wanaokarabati: kabla marumaru hazijalazwa, piga picha za mabomba yote sakafuni na ukutani kwa simu yako, ukiweka tepu ya kupimia pembeni ili umbali uonekane, na uzihifadhi pamoja na hati za nyumba. Mimi sina hata picha moja, na ndiyo sababu kijana mwenye adabu aliweza kuniambia bomba limekatika mahali ambapo, kama nilivyogundua baadaye, hakuna bomba. La pili ni kwamba malipo ya mwisho yasitolewe mpaka kila tundu limemiminiwa maji, choo kimevutwa mara tatu mfululizo watu wakisikiliza matundu mengine, na mtu amepanda kuhakikisha bomba la hewa liko wazi. Shughuli hiyo haifiki nusu saa. Fundi mzuri hataikataa, na yule atakayeikataa amekwishajieleza.

La tatu ni kwa wenye nyumba za kupangisha, ambao baadhi yao humjibu mpangaji anayelalamikia harufu kwa kumwambia aongeze usafi. Nimeona chumba na choo kimoja cha ndani ambacho hakina trapu kabisa sakafuni, bomba limenyooka kutoka bafuni hadi shimoni, na mama aliyepanga hapo ana mtoto mchanga na ameziba tundu kwa kitambaa na tofali. Huyo hata afukize udi wa Pemba nzima hatafanikiwa, kwa kuwa kosa lilifanyika kabla hajahamia, na anayepaswa kulirekebisha ni anayepokea kodi. La nne ni kwa halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi: katika michoro tunayowasilisha, mabomba ya hewa na trapu yatakiwe kuonyeshwa waziwazi, na mkaguzi anapofika kwenye jengo aulize yako wapi kabla sakafu haijafungwa, maana akishachelewa siku moja hataviona tena.

Fundi yule wa pili alipita kwangu mwezi uliopita akiwa na kazi nyumba ya jirani. Nilimwita, nikampa chai, nikamwonyesha daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, kisha akaniomba ruhusa ya kupiga picha ukurasa wenye zile safu tano. Alipokuwa akiondoka aliniuliza ni udi wa aina gani ulio na moshi unaotulia, nikampa vijiti vilivyokuwa vimebaki kwenye pakiti. Tenga la nguo limehamia chini ya dirisha, na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga mjukuu wangu humimina kopo moja kwenye tundu la kona, akachovya kijiti cha mshikaki na kunisomea namba.

Wako,
Mhasibu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam